Sura ya Saba: Nyumbani Inajizima, Dukani Haijizimi

Inspekta Wanza alimtoa Laban seli saa tatu asubuhi, Jumamosi, akamfunga pingu mkono mmoja tu. Mkono wa kulia aliuacha huru kwa sababu alitaka ufanye kazi. Sajini wa zamu alipouliza mshukiwa anapelekwa wapi, Wanza alimjibu kwamba anakwenda kutengeneza kompyuta. Sajini akainamia kitabu chake cha matukio, akajifanya hakusikia.

Chumba cha vielelezo cha kituo kile cha Machakos kilikuwa na dirisha moja, nalo halikuwa limefunguka tangu kujengwa. Ndani mlikuwa na mapanga yaliyofungwa vikaratasi, jerikeni za pombe ya chang'aa, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na juu ya meza, kompyuta nyeusi ya kuchezea michezo. Mwenye kompyuta hiyo, Mumo Musili, kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekufa Alhamisi asubuhi nyumbani kwao Athi River, kiganja cha mkono wa kulia kimeungua. Daktari aliandika umeme. Baba yake aliandikisha kwamba fundi Laban Muindi aliifungua mashine hiyo Jumanne na kuivuruga. Kabla jua halijazama kibanda cha Laban kilikuwa majivu, na mwenyewe akaponea ndani ya gari la polisi, ndiyo sababu akaletwa mbali na kwao, hadi Machakos. Jumatatu angesomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Hata kama korti ingemwachilia kwa kukosa ushahidi, waliochoma kibanda walikuwa bado wapo, na kiberiti walikuwa bado nacho.

Wanza hakuwa na huruma nyingi kwa mafundi. Mmoja aliwahi kumtengenezea redio ikarudi nyumbani bila sauti na bila spika. Lakini alikuwa ameisoma faili ile mara tatu, na kila mara alikwama mahali pamoja: hakuna mtu aliyeeleza ni kwa nini kompyuta iliyokuwa ikijizima kwa joto iligeuka ghafla ikapiga mtu umeme. Hayo ni magonjwa mawili, na faili iliyachukulia kama moja.

"Wewe ndio unasema uliitengeneza," alimwambia Laban. "Nionyeshe."

Laban hakusogea. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba likafunga. "Madam, hiyo kitu imeua mtu. Usiiguse. Kwa ile mfuko mlinichukulia kuna testa."

Wanza aliitafuta testa, bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini, akampa. Laban alichomeka kompyuta kwenye ukuta, akaiwasha kwa ncha ya kalamu, kisha akagusisha testa kwenye bati la ubavuni, la nyuma na la juu. Taa haikuwaka.

"Saa hii haina shoti," alisema. "Unaweza kukaa."

"Ilikuja kwako na ugonjwa gani?"

"Kujizima. Mumo akicheza game dakika kumi hivi, inajizima, halafu inajiwasha yenyewe. Anaanza tena, inajizima tena. Hiyo ni joto. Kompyuta ikichemka sana inajizima ndio isiungue."

"Ukafanya nini?"

"Nilipuliza vumbi yote. Feni nikaweka mafuta. Nikatoa ile grisi ya zamani katikati ya chipu na bati ya kupoza, nikapaka mpya. Halafu nikacheza game masaa mawili mbele ya Mumo mwenyewe. Haikujizima hata mara moja. Akaibeba, akaenda. Jumatano ananipigia simu, ati imeanza tena."

"Kwa hivyo hukuitengeneza."

"Kwangu inakubali, kwao inakataa. Nikamwambia aandike dakika. Ukijua inachukua dakika ngapi, unajua joto inatoka wapi."

Wanza aliifungua faili, akatoa daftari dogo la shule lililookotwa mezani kwa marehemu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa haraka wa mtu aliyekuwa na mkono mmoja kwenye kibodi. *Jumatano: 11. 12. 11. 10.* Chini yake, *Alhamisi: 25, bado.* Hapakuwa na kitu kingine.

Laban aliusoma, kisha akausoma tena. "Hiyo ya Alhamisi sielewi."

"Hata mimi. Iweke game."

Mlio wa bunduki za mchezo ulijaa chumba cha vielelezo hadi sajini akaja mbio na rungu mkononi, akaona, akarudi bila kusema. Wanza aliiweka saa yake mezani. Dakika ya kumi ilipita, ya kumi na mbili, ya ishirini. Laban alicheza kwa mkono mmoja na kuuawa mara nyingi. Ya arobaini ilipofika, kompyuta ilikuwa bado inanguruma bila wasiwasi wowote, na Wanza alichukia, kwa sababu alikuwa amekuja kutafuta kosa na kosa lilikuwa limekataa kuonekana.

"Zima. Fungua ndani."

Mahali ubavu wa sanduku ulipokutana na mgongo, kulikuwa na kipande cha selotepu ya karatasi. Laban alikionyesha kwa bisibisi kabla ya kukigusa. "Hii ni yangu. Kila mashine nikifunga naweka, na tarehe. Mtu akifungua nyuma yangu, najua."

Selotepu haikuwa imekatwa. Hakuna mtu aliyeifungua mashine baada ya Laban. Hilo peke yake lilimkaanga kuliko kumsaidia, na uso wake ulionyesha kwamba analijua. Lakini Wanza alikuwa akiangalia maandishi. *L.M. 12/9*, kwa kalamu ya wino. Nambari za tarehe zilikuwa zimetawanyika, wino wa buluu umetiririka kuelekea chini ukaacha mkia.

"Uliandika hivi?"

"Hapana. Niliandika ikiwa safi."

"Basi imefanywa nini?"

Laban alimpa Wanza bisibisi. "Madam, nikisema mimi, utasema najitoa. Fungua uangalie mwenyewe."

Wanza alichana selotepu, akafungua skrubu nne, akavuta bati. Ndani, vumbi lilikuwa dogo, vumbi la siku mbili. Lakini chini ya mfuniko wa juu, mahali pawa saplai ilipokaa, yaani lile sanduku dogo linalogawa umeme, kulikuwa na michirizi ya kijivu iliyoteremka kwenye bati na kuingia kwenye matundu yake. Wanza aliikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa ngumu, ikamegeka vipande.

"Tope," alisema.

"Simiti," Laban alimsahihisha kwa sauti ya chini. "Vumbi ya Athi River ni simiti. Ikilowa ikikauka, inashika."

Wanza aliiokota selotepu, akautazama tena wino uliotiririka. Maji yaliingia kupitia juu, baada ya Jumanne, bila mtu kufungua. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei. Alijua bati la nyumba ya akina Musili halivuji, kwa sababu maelezo ya askari wa kwanza yalitaja hata rangi ya dari, bila doa lolote. Na askari huyo huyo aliandika kwamba kompyuta aliikuta kavu.

"Maji yakiingia hapo, mtu anakufa?"

"Inategemea na waya. Maji inaleta moto ya stima mpaka kwa bati. Kama extension mnachomekea iko na waya tatu, ile ya tatu inashusha moto chini, fyuzi inakatika, mtu hapati kitu. Kama ni waya mbili, moto inakaa tu kwa bati ikingoja mtu. Mumo nilimuuliza, akasema yao ni ya waya mbili, baba yake aliiunda. Nikamwambia atafute ingine."

Wanza alipitia orodha ya vielelezo. Kompyuta moja, skrini moja, kibodi moja, kipanya kimoja, vipokea sauti vya masikioni, daftari. Hapakuwa na extension. Aliipitia mara ya pili kwa kidole, na bado haikuwepo.

Alimrudisha Laban seli, akamwagizia chai na mandazi, akatoka.

*

Mlinzi wa mochari aliitwa Kasyoka, mwanamke mnene aliyevaa sweta mbili hata wakati wa joto. Alimwuliza Wanza kama amekunywa chai, akaambiwa bado, akasikitika kwa dhati, kisha akamletea mfuko wa nguo za marehemu Mumo.

"Wenyewe hawajachukua?"

"Baba alikuja jana. Nikamwambia polisi hawajatoa ruhusa. Alikuwa anataka hiyo kitambaa tu. Nguo akasema hata tukichoma ni sawa."

Wanza aliinua kichwa. "Kitambaa gani?"

"Hiyo. Kijana alikuja amefunikwa uso nayo."

Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono, chenye pindo la maua ya waridi, cha aina ambayo kila mama wa Ukambani anayo juu ya redio, juu ya televisheni, migongoni mwa makochi yote na hata juu ya tangi la maji. Mama yake Wanza alikuwa ameifunika simu ya mezani kwa kitambaa kama hicho, mlio wake ukawa unasikika kama unatoka mbali. Kwa kufunika maiti hakikutosha. Kilikuwa na upana wa shubiri mbili tu, kikifika kuanzia nywele hadi kidevu. Mtu anayefunika mwanawe huchukua shuka, au leso, au kitu chochote kinachomfunika mzima.

Alikitandaza juu ya meza ya Kasyoka. Katikati, upande wa chini, kulikuwa na mistari ya kijivu, myembamba, sawasawa, iliyokakamaa kama plasta ya ukuta. Aliihesabu. Ilikuwa kumi na miwili.

"Hii ni nini?" Kasyoka aliuliza.

"Ndiyo kitu baba yake alikuwa anatafuta," Wanza alisema, akatia sahihi ya kukichukua.

*

Kitambaa kilikaa juu ya kompyuta bila kubishana. Mfuniko wa juu ulikuwa na nyufa kumi na mbili za kutolea hewa ya joto, na mistari kumi na miwili ya kitambaa ililala juu yake mmoja baada ya mwingine. Laban, aliyetolewa seli tena, alipoona hivyo alikaa chini sakafuni, pingu ikalia.

"Ulikuwa unajua kuhusu hiki?"

"Si hiki. Lakini nilifaa kujua." Alijifuta uso kwa bega. "Madam, kila nyumba naingia, kitu ya kwanza nakuta ni kitambaa. Nawaambia kina mama, toeni, hiyo mashine inapumulia hapo. Wanasema sawa mwanangu. Wanatoa, wananipea chai. Nikifika kwa geti washarudisha, sababu vumbi itaharibu kitu ya bei. Mumo aliniletea mashine bila kitambaa. Sikuuliza. Nilitafuta ugonjwa ndani, na ilikuwa nje."

"Iwashe."

Laban alirudisha bati la ubavuni, wakaiwasha kitambaa kikiwa juu, kikavu. Wanza aliiweka tena saa mezani. Kufikia dakika ya sita feni ilianza kulia kwa sauti ya juu. Dakika ya tisa ungeweza kuusikia moto wake kwa kupitisha mkono hewani. Dakika ya kumi na moja skrini ikawa nyeusi, mashine ikakata pumzi, kisha ikajiwasha yenyewe kama kwamba hakuna kilichotokea.

"Kumi na moja," Laban alisema. "Kama daftari."

Kwa hiyo ugonjwa wa kwanza ulikuwa umepatikana, na haukuwa wa fundi. Wanza alifungua daftari kwenye ukurasa ule ule. Jumatano, kitambaa kikavu, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Alhamisi, ishirini na tano, bado. Kitambaa kilikuwapo pia Alhamisi, mistari yake ilisema hivyo, lakini mashine ikavumilia zaidi ya mara mbili.

"Niambie," alisema taratibu. "Kitu gani kingefanya ikae muda huo na kitambaa juu?"

Laban hakuhitaji kufikiri. "Kama kingekuwa kimelowa. Bati ingepoa. Kwa muda."

"Na maji yangekuwa yanaenda wapi?"

Laban alielekeza kidole kwenye bati, mahali pa michirizi.

Hakuna mtu anayemwaga maji kwa bahati mbaya juu ya kitambaa na kukiacha palepale. Mtu alikiondoa, akakichovya, akakirudisha mahali pake, akakinyoosha vizuri, maua ya pindo yakiangalia mbele. Wanza alijua mikono inayofanya hivyo. Alikuwa amelala chini ya mikono kama hiyo akiwa na malaria, kitambaa baridi kwenye paji la uso, kikikauka kinachovywa tena. Aliona faida ya kazi yake kwa mara ya kwanza wiki ile, na hakuifurahia hata kidogo.

"Mnaniachilia?" Laban aliuliza.

"Bado ni maneno yangu na yako. Nahitaji mtu aliyekuwa ndani ya hiyo nyumba aseme."

*

Nyumba ya Musili ilikuwa ya chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia la maua, kwenye ploti ya Athi River ambako mabati yote yana rangi moja ya kijivu. Uani kulikuwa na turubai, wanaume kwenye viti vya kukodi, wanawake kwenye masufuria. Kikundi cha kanisa kilikuwa kimepumzika kati ya nyimbo. Mtu mmoja alipomwona Wanza aliuliza kwa sauti kama yule fundi amekiri, na wengine wakageuka kusikia.

Musili alimpokea mlangoni. Alikuwa mpakiaji wa simiti, mtu wa mabega, kucha zake zimejaa weupe usiotoka kwa kuoga. "Ingia, madam. Mama Mumo amelala hapo nyuma, amepewa dawa. Tangu Alhamisi hajasema neno."

"Pole, baba Mumo."

"Tumeshapoa."

Mbele ya meza ilipokuwa kompyuta palikuwa na kiti cha plastiki. Redio ilikuwa imechomekwa kwenye extension nyeupe, mpya, nene, yenye waya tatu. Bado ilikuwa na karatasi ya duka.

"Ya zamani iko wapi?"

"Gani?"

"Extension. Ile uliunda wewe."

Musili aliangalia redio. "Iliharibika. Nilitupa."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Laban anasema Mumo alimwambia Jumanne bado mnaitumia."

"Laban atasema kitu yoyote. Yeye ndiye ameua mtoto wangu."

Wanza aliketi, akatoa kitambaa kwenye bahasha, akakiweka juu ya goti lake. Alikuwa amejifunza kwamba watu wengi hujibu kitu kuliko swali, na Musili alijibu kwa mwili wote, akarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta.

"Uliandikisha kwamba ulikuwa umetoka shifti ya usiku," Wanza alisema. "Ulikuwa umelala hapo nyuma. Ukasikia mke wako akipiga nduru. Ukachomoa waya. Ukakuta kitambaa kinatiririka maji juu ya mashine, na kabla majirani hawajaingia ukakitoa. Hukuwa na mahali pa kukificha, kwa hivyo ukamfunikia mtoto uso. Halafu ukapanguza mashine. Halafu ukatupa extension. Nimekosea wapi?"

Nje, mtu aliomba chumvi. Musili alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaongea kwa sauti ambayo pazia lingeweza kuizuia kama lingekuwa ukuta.

"Hajui," alisema. "Nimemwambia ni fundi. Nimemwambia hivyo kila saa. Kama anajua, hajaniambia."

"Laban yuko seli."

"Huyo kijana akifungwa atatoka. Miaka miwili, mitatu, atatoka, aoe, azae. Mke wangu hatatoka. Unanielewa, madam? Hiyo yake haina siku ya kutoka."

"Walitaka kumchoma. Ulikuwa pale?"

Musili alitazama kucha zake. "Nilikuwa pale. Sikuwazuia."

Wanza alimwangalia mtu huyu aliyekuwa tayari kuua mtoto wa mwingine ili mkewe apate usingizi, akamwonea huruma na akamchukia, vyote kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuchagua.

"Basi niandike mimi," Musili alisema haraka. "Waya ni yangu. Niliunda kwa mabaki, waya mbili, nilijua ni mbaya. Andika waya iliua. Nitaweka sahihi saa hii, unibebe mbele ya hawa watu wote. Laban aende nyumbani. Andika waya tu. Usiandike maji."

Ilikuwa njia, na kwa muda mfupi Wanza aliipima kwa kweli. Kisha akatikisa kichwa.

"Waya yako ilikaa hapa kwa muda gani na hiyo kompyuta?"

"Miezi mitatu."

"Na haikuua mtu. Korti itauliza ni nini kilibadilika wiki hii. Kama hakuna maji, kilichobadilika ni kimoja, fundi aliyeifungua Jumanne. Selotepu yake inaonyesha hakuna mwingine aliyeifungua. Nikiandika waya bila maji, nimemfunga Laban kwa mkono wangu. Na hawa wako hapa nje hawatangoja korti."

"Madam, nakuomba."

"Baba Mumo, siwezi."

"Hata kama ni mama yako?"

"Andika maji," sauti ilisema.

Ilitoka nyuma ya pazia, imekauka, sauti ya mtu ambaye hakuitumia kwa siku mbili. Musili alisimama, kiti kikaanguka. Pazia lilivutwa, na Nthenya, mama yake Mumo, akatoka miguu mitupu, leso imefungwa kichwani vibaya, akitembea kwa kushika ukuta. Aliinua kiti kilichoanguka, akakikalia mwenyewe.

"Mama Mumo, rudi ulale," Musili alisema. "Ni dawa inakusumbua."

"Sikumeza." Hakumwangalia. Alimwangalia Wanza. "Huyo kijana fundi amekula?"

"Amekula, mwaitu," Wanza alijibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Na si lazima uongee leo. Ukiongea nitaandika, na nitakusomea."

"Andika."

Wanza aliweka karatasi juu ya faili. Nje, kikundi cha kanisa kilikuwa kimeanza wimbo mwingine, na ikabidi asogeze kiti karibu.

"Leo ndio ilikuwa aende Nairobi kwa mashindano," Nthenya alisema. "Alikuwa anateseka na hiyo kitu. Anacheza, inajizima. Anaanza tena, inajizima. Usiku wa Jumatano hakukula. Akaniambia, mama, hii kitu inachemka. Mimi kompyuta siijui. Lakini mtoto akichemka najua kile hufanywa. Asubuhi akaenda kuoga. Nikatoa kitambaa, nikakichovya kwa beseni, nikakirudisha."

"Ulikikamua?"

"Kidogo. Nilitaka kikae baridi mpaka amalize. Akarudi kutoka kuoga, akaweka hizo vitu zake kwa masikio. Hata hakuangalia. Mimi nikaenda nje kufua."

Musili alikuwa amegeukia ukuta, mikono yote miwili juu ya kichwa. Wanza aliandika *kidogo*, akaandika *nje kufua*. Kalamu ilikuwa inakwaruza.

"Ulisikia chochote kabla hajaanguka?"

"Aliniita. Alikuwa na furaha. Akasema, mama, leo haijajizima."

"Ukamjibu nini?"

Nthenya alifikiri juu ya swali hilo kama mtu anayetaka kulijibu sawasawa, kwa sababu linaandikwa.

"Sikumjibu," alisema. "Nilifurahi sana. Nilisema acha amalize mchezo wake kwanza, halafu nitamwambia ni mimi."